Ziwa na Mbeleko: Khabari ya Kilio cha Mtoto katika Ufuo wa Fizi na Baraka

Jua likishazama nyuma ya milima ya Fizi, na wavuvi wa Baraka wakiwa wamekwisha kusukuma mitumbwi yao kwenda kuvua ndakala kwa nuru ya taa, husikika nyumba hata nyumba sauti isiyohitaji mfasiri kwa Mbembe wala kwa Mbuyu, kwa Mfuliru wala kwa Mrundi, nayo ni sauti ya mtoto mchanga aliaye. Huanza magharibi, ikaendelea hadi isha na pengine kuipita, na mama yake, ambaye tangu alfajiri alikuwa shambani aking'oa muhogo au ufukoni akianika samaki, humpa ziwa akalikataa, humgeuza, humpangusa, humwimbia kwa sauti ya chini, na mwisho huinuka, akachukua kikwembe, akamfunga mgongoni na kuanza kutembea uani. Khabari ya kilio hicho na ya kitambaa hicho ndiyo niliyokusudia kuisimulia, kwani katika ufuo huu wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, vimepita pamoja katika dhiki nyingi, na walioandika tarehe ya nchi, wakishughulika mno na machifu, makapteni na majenerali, aghalabu waliviacha nje ya kurasa zao.

Mwezi wa Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke, wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, rasi ile ndefu ambayo Burton aliidhania kuwa ni kisiwa, wakaendelea hadi Uvira wakiutafuta mto waliotumaini kuwa ndio asili ya Nile. Ghuba iliyo baina ya rasi hiyo na bara, ambayo mji wa Baraka umekaa kando yake, ingali inaitwa kwa jina la Burton katika ramani. Walikuja kutafuta maji, na maji wakayaandika. Mama na mwanawe hawakuwa katika haja zao.

Walakini alitokea mwingine baadaye ambaye alimtazama mama huyo, na alichokiona hakisahauliki. Alfred Swann, baharia Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa London Missionary Society, alipokuwa akielekea Ujiji katika mwaka wa 1882 alikutana na msafara wa watumwa na pembe ukitoka bara kwenda pwani, na katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1910 alisimulia jinsi alivyowaona wanawake waliobeba mtoto mgongoni na pembe ya ndovu juu. Alimwuliza msimamizi wa msafara hufanywaje mwanamke akishindwa na mizigo miwili. Akajibiwa kwamba pembe ni mali ya thamani na haiwezi kuachwa njiani, kwa hiyo huuawa mtoto ili mzigo wa mama upungue. Wengi wa mateka wa zama zile walitoka Manyema na nchi nyingine zilizo magharibi ya ziwa, wakavushwa kwenda Ujiji kutoka bandari za upande huu wetu. Katika safari ya namna hiyo mtoto aliyelia alijiweka yeye na mamaye katika macho ya watu wasio na rehema, na mwanamke aliyejua kumnyamazisha mwanawe huku akitembea, pasipo kusimama wala kutua mzigo, alikuwa na elimu iliyoamua baina ya uhai na mauti.

Njia hizohizo zilizopitisha minyororo ndizo zilizopitisha lugha hii ninayoandika, na pamoja na lugha likaja neno mbeleko, yaani nguo ya kumwelekea mtoto mgongoni. Watu wa ufuoni hapa hawakungojea msafara ili kujua kubeba mtoto, kwani kila taifa la maziwa makuu lilikuwa na namna yake. Warundi, ng'ambo ya maji, huita ingobyi kile wambebacho mtoto, na kwa jina hilohilo huita machela ya kumbebea mgonjwa. Bali Waswahili wa pwani waliongeza jambo moja ambalo kila nikilifikiri hunifurahisha. Katika desturi zao za arusi bwana arusi hatoi mahari peke yake. Hutoa kilemba cha baba na mkaja wa mama, na katika haki za mama huyo imo pia ile iitwayo ubeleko, anayopewa kwa kuwa alimbeba binti yake mgongoni alipokuwa mchanga. Watu wale waliuona usiku wa kutembea uani na mtoto aliaye kuwa ni deni, na wakaliweka deni hilo katika hesabu za ndoa, lipwe mbele ya mashahidi.

Kongo ilipogeuka kuwa koloni la Ubelgiji mwaka wa 1908, wenye amri waliingiwa na hofu kwamba watu wanapungua na migodi itakosa wafanya kazi, wakaanza kumtazama mama wa Kiafrika kwa jicho jipya. Mwaka wa 1912 kiliundwa chama cha Wabelgiji cha kuwahifadhi watoto weusi wa Kongo, na baada ya muda vikaenea vituo vya kuwapima watoto kwa mizani na kuwagawia maziwa. Katika shughuli hiyo palikuwa na kheri, na watoto waliookoka hawana sababu ya kuilaumu. Lakini ndani yake palikuwa na fikra kwamba mama anayenyonyesha miaka miwili au mitatu, akikaa mbali na mumewe ili mtoto apate kukua, anaichelewesha nchi, na kwamba yafaa aachishe upesi azae tena.

Tena zama zile huko Ulaya na Marekani kwenyewe mtoto alikuwa amewekwa chini ya sheria ngumu. Dakta Luther Emmett Holt wa New York, katika kitabu chake cha mwaka wa 1894 kilichochapishwa mara nyingi, alifundisha kwamba kulia ni mazoezi ya mtoto, na kwamba anayelia kwa mazoea aachwe mpaka achoke. Truby King wa New Zealand, ambaye chama chake kilianza mwaka wa 1907, aliwataka akina mama wanyonyeshe kwa kufuata saa ya ukutani. Na John Watson wa Marekani, mwaka wa 1928, aliwaonya wazazi dhidi ya kuwabusu na kuwapakata watoto wao. Wanawake wasomi wa nchi tajiri walikaa nyuma ya mlango uliofungwa, wakilia wao wenyewe, wakihesabu dakika. Mama wa Fizi, aliyekuwa mbali na migodi na mbali na vitabu hivyo, mtoto wake akiguna tu alikuwa ameshapata ziwa.

Mojawapo ya hoja nzito zilizoyatikisa mafundisho hayo ilizaliwa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1954 bibi mmoja mwanasaikolojia, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, akaanza kuzuru vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji, akikaa barazani na akina mama 26 waliokuwa na watoto wachanga 28, akitazama nani analia, wakati gani, na nani anamjia. Alikuta kwamba mtoto hakuwa kifurushi cha njaa. Alimjua mama yake miongoni mwa watu, alimfuata kwa macho kabla ya kumfuata kwa magoti, alilia kwa namna nyingine mama alipoondoka, na akiwa na hakika naye alithubutu kutambaa mbali kidogo kisha akarudi kwake. Khabari hizo zilitoka kitabuni mwaka wa 1967. Mwaka wa 1972 yeye na Silvia Bell, kwa kuwatazama watoto wa Baltimore, walitangaza jambo lililowashangaza wengi: kwamba watoto waliojibiwa upesi katika miezi ya mwanzo, mwaka ulipotimia walilia kidogo kuliko wale walioachwa. Wapo wataalamu waliowapinga, na wengine walipolirudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile; walakini ile hofu ya kwamba mtoto akibebwa anaharibika haikurudi tena na nguvu zake za zamani.

Baina ya Kampala na kitabu hicho, Fizi ilikuwa imeingia motoni. Uasi wa mwaka wa 1964 dhidi ya serikali ya Kongo uliushika ufuo wote. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma, Tanzania, na Wakuba wenziwe hadi Kibamba ili kuwasaidia waasi, na mwisho wa Septemba mwaka uleule askari mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, waliteremka kutoka majini karibu na Baraka, wakapigana kwa siku nyingi kabla ya kuuchukua mji. Novemba Guevara akaondoka kwa ziwa lilelile. Wanavijiji wao walikuwa wamepanda milimani na kuingia misituni, na katika maficho ya namna hiyo maarifa yote ya kubembeleza hupinduliwa juu chini, kwa kuwa silaha kuu za mama ni sauti na mwendo, na vyote viwili vimeharimishwa. Hawezi kuimba; hawezi kutembea juu ya majani makavu. Hubaki na ziwa, ambalo humpa mtoto asiye na njaa, tena na tena, mpaka chuchu inapasuka. Hubaki na joto la kifua chake, na kule kuyumba kwa kiuno, kushoto na kulia, akiwa amechuchumaa mahali pamoja. Na hubaki na kiganja chake, ambacho akikiweka juu ya kinywa cha mwanawe hajui akiondoe lini. Katika vita nyingi za dunia wamekuwako akina mama waliokiondoa kimechelewa. Naliandika jambo hili kwa uzito wa moyo, maana wanaoishi nalo hawalisemi sokoni, na khabari ya kilio cha mtoto katika nchi iliyopita vita tatu isipolitaja itakuwa imewaacha peke yao.

Katika miaka iliyotangulia vita hivyo matabibu wa nchi zenye amani walikuwa wakihesabu. Morris Wessel wa Marekani, mwaka wa 1954, aliweka kipimo chake cha mtoto mliaji kupita kiasi: saa zaidi ya 3 kwa siku, siku zaidi ya 3 kwa juma, kwa majuma zaidi ya 3, na mtoto awe mzima, anakula na ananenepa. Mwaka wa 1962 T. Berry Brazelton akatoa hesabu za watoto 80 ambao mama zao waliandika kila siku walilia muda gani, na hapo ndipo lilipoonekana umbo la jambo lenyewe: kilio huongezeka tangu juma la pili au la tatu, hufika kilele kwenye juma la sita, ambapo mtoto wa kawaida alilia jumla ya saa 2 na dakika 45 hivi kwa siku, hasa jioni, kisha hushuka mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wala njaa. Ni ubongo mchanga na utumbo mchanga vinavyojifunza kazi, na jioni, mtoto akiwa amechoshwa na nuru na sauti za mchana, hushindwa kujituliza mwenyewe. Ukumbuke, msomaji, magharibi ile ya Baraka niliyoanza nayo. Saa ni ileile.

Ronald Barr wa Kanada na wenzake walikwenda mbele zaidi. Walizitazama khabari za watoto wa !Kung San wa kusini mwa Afrika, waliokuwa wakibebwa karibu mchana kutwa na kunyonyeshwa mara nyingi katika kila saa, wakakuta kwamba nao walianza kulia mara nyingi kama watoto wa Ulaya, na kilele chao kilikuwa kilekile. Kilichopungua ni urefu wa kilio, kwa kuwa walijibiwa kabla hakijashika moto. Na mwaka wa 1986 yeye na Urs Hunziker waliwaomba akina mama wa Montreal wawabebe watoto wao angalau saa 3 kila siku, si wakati wa kulia tu, bali hata wakiwa kimya. Katika juma la sita watoto wale walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Baadaye, mwaka wa 2013, Kumi Kuroda na wenzake huko Japani walionyesha kwamba mama akimbeba mtoto na kutembea, moyo wa mtoto hupunguza mbio na viungo vyake hulegea katika muda mfupi sana, na kwamba kumpakata ukiwa umeketi hakufanyi kazi hiyo. Na mwaka wa 2022 wakaongeza shauri la kutembea dakika 5, kisha kukaa naye amelala dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, maana mtoto huamshwa hasa na kule kutengwa na mwili wa mama. Bibi za Baraka hulitoa shauri hilo kwa maneno machache. Wamwonapo binti anainama upesi kumlaza mtoto aliyefumba macho sasa hivi, humwambia: “Bado, mwanangu. Muache usingizi uingie kwanza.”

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vikarudi, na safari hii ufuo ulimwagika majini. Watu wa Fizi, Baraka, Mboko na Kazimia walipakia mitumbwi na maboti, wakavuka kwenda Kigoma, na mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu, ikafuatiwa na ya Lugufu mwaka wa 1997. Vita vya 1998 vikawaongeza wengine. Lugha yetu ina neno moja kwa maji yale na kwa titi la mama, na sijui kama kuna mahali neno hilo lilibeba maana zake mbili kwa pamoja kama ndani ya mitumbwi ile, ambamo mwanamke alikaa juu ya kina cha mamia ya mita, usiku, mawimbi yakiingia, mtoto akiwa mbele ya kifua na si mgongoni, ili mama apate kumwona na ili mtumbwi ukipinduka asimkose. Kinyume cha maficho ya msituni, ndani ya mtumbwi mtoto aliruhusiwa kulia. Mwendo wa maji aghalabu uliwalaza watoto kabla ya wakubwa.

Lakini nisiposema jambo moja nitakuwa nimewasifu wazee kupita haki. Kutoka katika hamu ileile ya kutuliza kilio zimetoka pia desturi zinazoua. Katika Afrika ya Mashariki wapo wanaodai kwamba mtoto anayelia na kukohoa ana kimeo kirefu, wakakikata. Na tangu miaka ya 1980 imeenea Tanzania, kama ilivyojulikana Uganda kabla ya hapo, khabari ya meno ya nailoni, kwamba ufizi mweupe wa mtoto mwenye homa na kuhara una jino bovu ambalo lazima lichokolewe. Kinachochokolewa ni chipukizi la jino halali. Damu hutoka, uchafu huingia, na ile homa, ambayo pengine ni malaria, huachwa iendelee na kazi yake mpaka degedege. Hasira yangu haiwaelekei akina mama, waliokwenda huko kwa mapenzi. Inamwelekea apokeaye fedha na kisu mkononi.

Yapasa basi kuvijua vilio kwa aina zake. Kilio cha njaa huanza kwa kunyonya vidole na kugeuza kichwa kabla ya sauti. Cha uchovu huja na kufikicha macho na kukataa kila kitu. Cha tumbo huja na magoti yaliyokunjwa, na huweza kupungua mtoto akiegemezwa begani akapigwapigwa mgongo hadi acheue. Lakini kilio chembamba kikali kisicho cha kawaida yake, au mguno dhaifu wa mtoto aliyekuwa na nguvu jana, homa kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, utosi uliovimba, kukataa ziwa kabisa, kutapika kila anachomeza, au mishtuko ya mwili: hapo pasiwe na kubembeleza wala kungojea asubuhi, ni kwenda kwa tabibu. Na mzazi ambaye usingizi umemwisha na ghadhabu inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke uani, avute pumzi. Kwani tangu mwaka wa 1971, alipoandika Norman Guthkelch wa Uingereza, matabibu wanajua kwamba kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu, hata bila kumpiga, kwaweza kumvujisha damu ndani ya kichwa.

Wengi walirudi kutoka Kigoma. Mwaka wa 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Baraka, na mwaka wa 2015 Fizi, ambayo ilikuwa imezoea kukimbia, ilipokea wengine: Warundi walioikimbia nchi yao walipewa makao katika kambi ya Lusenda, karibu na ziwa, na wanawake wa Kibembe waliwaona wageni wakijifunga watoto kama wao, isipokuwa fundo.

Katika kituo kimoja cha afya cha upande ule nilipata kumwona binti, mtoto wake wa kwanza mikononi, macho mekundu kwa kukesha. Mama muganga alimpima mtoto, akasoma mizani, akampapasa utosi kwa ncha za vidole, akamfungua kinywa na kukitazama, akamgeuza tumbo. Binti hakungoja kuulizwa.

“Nimekosa nini, mama? Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mabaya. Kila jioni analia mpaka watu wanalala.”

“Alizaliwa siku gani?”

Binti akamtajia. Yule mama muganga akahesabu kwa vidole, taratibu, akikunja kimoja kimoja, kisha akauinua mkono ule binti auone.

“Ana juma la sita, mwanangu. Maziwa yako ni mazuri, uzito wake umeongezeka. Watoto wote hulia sana juma hili.”

Binti alikaa kimya kidogo. Kisha akasimama, akainama mbele, akamtelezesha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, akatupa kikwembe juu yake, akavuta ncha mbili kifuani na kulikaza fundo, akajitikisa mara moja ili mtoto akae vizuri, na akatoka kwenye jua.